Tembe Nameza, Ndawa Nakunywa

Kaloleni, Kisumu
6 Machi 2024

Kwako Mama,

Ulifika salama? Jana uliondoka pale hospitali kama mtu anayefukuzwa, daktari hata hajamaliza kusema. Najua, najua: mama halali kwa mwanawe aliyeoa, na jua lilikuwa linashuka. Lakini Gordon mwenyewe yuko Lodwar na mashine zake za kuchimba visima! Ungelala kwa mke wa mtoto, si kwa mtoto. Haya, nimenyamaza. Mila ni zenu, mimi nimeolewa tu.

Simu sitaki. Simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka Mzee Okinyi, kiongozi wenu, anasikia kule kanisani, na mambo ya mwili wako si ya waumini wote. Ndiyo nikaona niandike. Frankline muuza nyanya anapita hapa kila wiki akitoka Katito, atakuwa posta wetu. Na usiniambie huwezi, wewe uliyesoma ngumbaru ukawashinda wote darasani.

Sasa nikuelezee alichosema Daktari Waliaula ulipokuwa unatafuta viatu. Kile kimashine alichokupitisha mguuni juu ya jeli kilikuwa kinasikiliza damu. Mkononi ulisikia mwenyewe: fwaa, fwaa, fwaa. Mguu wa kulia hivyo hivyo, polepole kidogo. Mguu wa kushoto ilibidi nishike pumzi ndiyo nisikie. Anasema mishipa inayopeleka damu huko chini imekuwa myembamba, ndani imeshikwa na uchafu kama mabomba ya hapa Kaloleni. Ukikaa, damu kidogo inatosha. Ukitembea, shavu la mguu linadai zaidi na haifiki, ndiyo maana linakubana. Ukisimama linaacha. Hata kidonda cha kidole gumba hakiponi kwa sababu hiyo hiyo.

Sitakuficha, Mama. Damu ikiendelea kukataa, mguu utakatwa. Nilimwambia wewe ndiye mshika bendera wa kanisa lenu, kwamba bila mguu hakuna bendera, na bila bendera sijui wewe utakuwa nani. Akasema basi tuupiganie.

Kinachomshangaza ni sababu. Sukari huna. Presha ni kidogo. Alikuuliza kama unavuta sigara ukamwangalia kama amekutukana. Nilipokuuliza mimi kama dawa unakunywa, ukanong'ona, "Nakunywa," naye akacheka akasema vizuri sana, usiache hata siku moja. Basi usiache. Na utembee kila siku. Mguu ukiuma simama, ukiacha endelea.

Niambie unakula nini huko, unalala vipi, unaoga maji gani. Nataka kujua kila kitu.

Shiro wako

*

Kusa, Nyakach
15 Machi 2024

Siro nyathina,

Barua nimepata, mtoto wangu. Ililala juu ya nyanya zilizoiva sana, lakini inasomeka. Mimi mzima, isipokuwa mguu.

Unaniuliza nakula nini. Ngoja kwanza nikuulize mimi. Kwa nini daktari alinipima presha mkononi, halafu akanipima presha kwenye kifundo cha mguu? Mguu una moyo wake? Na ile damu iliyoshuka jana, leo inapanda vipi na huko chini hakuna wa kuisukuma? Nilimuuliza nesi wa zahanati, akasema, "Mama Seline, nenda nyumbani ukapumzike." Mimi sitaki kupumzika. Nimetembea na huu mguu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia ndani yake kuna nini.

Ule wa kushoto hata mimi niliusikia. Ilikuwa sauti ya mtu anayepumua nyuma ya mlango. Nikajisemea, basi kuna mtu.

Natembea kama alivyosema. Nikitoka nyumbani mguu unanishika kabla ya mashine ya kusaga unga. Nasimama. Watu wanadhani nasubiri unga wangu. Nikienda tena unanishika kwenye josho, hapo nasimama na ng'ombe. Kanisani bado sijafika kwa miguu, nabebwa na pikipiki, na mshika bendera habebwi na pikipiki, Siro. Kwetu hakuna anayeipita bendera. Ikiwa nyuma, kanisa lote liko nyuma. Mwezi wa nane tunashuka ziwani na ngoma kama kila mwaka, na Mzee Okinyi ameanza kuniangalia mguu kabla ya kuniangalia uso.

Sasa ile habari nyingine. Ulinishtua sana pale hospitali. Mbele ya daktari! Lakini uliuliza kwa upole, na daktari akacheka akasema nisiache, moyo ukatulia. Kwa hivyo naweza kukuambia. Tembe nameza, ndawa nakunywa. Tembe ni zile za presha za zahanati. Ndawa naanza kabla ya chai, halafu nikienda shamba, halafu mchana, halafu nikirudi. Moto nauweka ndani kama mama yangu alivyonifundisha, kwa hivyo hakuna anayeona. Kanisani wakijua watanivua kanzu, na bendera itaondoka siku hiyo hiyo. Unajua wewe, na Gordon anajua lakini anajifanya hajui. Nashukuru Mungu kwa kunipa mke wa mtoto ambaye hanihukumu.

Nakula ugali, omena na mboga ya apoth. Maji ya kuoga ni ya ziwa.

Mama yako,
Seline Ajwang, Min Gordon

*

Kaloleni, Kisumu
24 Machi 2024

Kwako Mama,

Maswali yako niliyapeleka kwa Daktari Waliaula kama yangu, nikaonekana mwerevu. Mguu hauna moyo. Anapima pale chini ili alinganishe: kama mkononi damu inasukuma kwa nguvu na kwenye kifundo inasukuma kwa uchovu, basi katikati kuna kizuizi. Na kupanda, damu inakamuliwa na nyama ya mguu yenyewe unapotembea. Ndani ya mishipa ya kurudi kuna vilango vinavyojifunga nyuma yake, haiwezi kushuka tena. Hebu fikiria! Miaka yote hii nimesimama kibandani kwangu nikiuza maharagwe na nina vilango mguuni.

Sasa kuhusu kanisa. Mama, nimekasirika. Karne hii bado kuna watu wanaomvua mtu kanzu kwa sababu anakunywa dawa? Wanataka ufe ndiyo wajue una imani? Mungu huyo huyo ndiye aliyeotesha mimea inayotengeneza dawa. Mzee Okinyi asikutishe. Ikibidi, kunywa mbele yake, akiwa na kanzu yake na msalaba wake, akuangalie mpaka umalize. Akiuliza, mwambie Shiro amesema.

Lakini mara nne kwa siku ni nyingi mno! Asubuhi na jioni, ukishakula. Usizidishe, usipunguze. Na huo moto wa ndani, sijui mama yako alifundishwa na nani, lakini usiwe mkali, utajichoma ulimi. Vuguvugu inatosha.

Nilicheka kwa furaha nilipoona umeandika "ndawa". Hivyo ndivyo sisi watu wa Nyeri tunavyosema, ulimi wetu haupendi d bila n mbele yake. Baba yangu Mzee Ndegwa, na viazi vyake pale soko la Kibuye, mpaka leo anasema "ndawa ya kikohozi". Hata mimi nikisahau inanitoka hivyo, nadhani hospitali ilinitoka. Kumbe umenisikiliza vizuri, umeanza kuongea kama wakwe zako! Mimi pia nimezoea kuwa Siro.

Shiro wako

*

Kusa, Nyakach
8 Aprili 2024

Siro nyathina,

Mbele ya Mzee Okinyi! Wewe mtoto una moyo wa simba. Nilicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Bado sijathubutu, lakini Jumapili alipokuwa anahubiri nilimwangalia nikasema moyoni, wewe ngoja tu, kuna siku.

Umeandika dawa bila n. Nimekuelewa. Frankline ana macho marefu, na bahasha za siku hizi gundi yake ni mate tu. Mimi ningeandika kama wewe lakini mkono umezoea.

Asubuhi na jioni nimeshika kama ulivyoniagiza. Asubuhi na jioni, nimekula kwanza. Mchana ndiyo kazi: mikono inatafuta kitu, nagombana na kuku. Nikishindwa kabisa nakunywa nusu. Hiyo vuguvugu sikuielewa, moto ni moto, lakini usiwe na wasiwasi, ulimi wangu umezoea tangu nikiwa msichana, hauungui.

Ila mguu, Siro, haunifurahishi. Sasa unanishika hata kabla sijatoka kwenye boma. Kidonda kimekuwa cheusi pembeni. Nikilala unauma mpaka niuning'inize nje ya kitanda, hapo unatulia. Kwa nini kuuning'iniza kunausaidia? Nadhani damu ni mvivu, inapenda mteremko. Muulize daktari.

Jambo moja sielewi. Tembe nameza, ndawa nakunywa kwa kipimo chako, nyama sina, chumvi nimepunguza, natembea. Nafanya yote, na damu bado inakataa. Nimeikosea nini?

Mzee Okinyi ametangaza. Kama mwezi wa nane sitaweza kushuka ziwani kwa miguu yangu, bendera itapewa mwingine. Alisema kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kidole.

Ndawa usinitumie pesa, bado iko. Nanunua kwa Benta pale soko la Katito, yake ni nzuri kuliko ya dukani.

Mama yako,
Seline Ajwang, Min Gordon

*

Kaloleni, Kisumu
17 Aprili 2024

Kwako Mama,

Jumatatu kliniki ulikuwa jasiri kuliko mimi. Mimi nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Narudia kwa maandishi ili usiseme hukusikia: kidole gumba kitatolewa mwezi ujao, hakina uhai tena. Kile si kitu, Mama, utatembea bila kidole. Kinachotisha ni juu yake. Kama damu haitafika kuponya pale watakapokata, watarudi kukata chini ya goti. Na ile sauti ya mtu wako wa nyuma ya mlango, uliisikia? Mimi sikuisikia.

Daktari Waliaula anajikuna kichwa. Alinishika pembeni akaniuliza tena: sukari? Hakuna. Sigara? Hakuna, hiyo ni ya wanaume wa mjini, ulivyomwambia. Dawa? Anakunywa, nikamwambia, kwa uaminifu kabisa, mimi mwenyewe ndiye nampangia. Akasema kuna kitu hatukijui.

Nimefikiria sana na nimefika kwa huyu Benta wa Katito. Benta ni nani? Ana cheti? Mama, masoko yamejaa wauza dawa bandia, wanasaga chaki wanaita dawa, wengine wanachanganya na sumu. Kama unakunywa uchafu wa Benta kila asubuhi na jioni, si ajabu damu imekataa!

Nakuomba funga kidogo kwenye karatasi, mpe Frankline. Nitampelekea mtu wa famasi akague. Usimwambie Benta.

Kuuning'iniza mguu: umebahatisha. Daktari anasema ni kweli, mteremko unaisaidia damu, na anasema hiyo si dalili nzuri.

Shiro wako

*

Kusa, Nyakach
22 Aprili 2024

Siro nyathina,

Nimekufungia ndani ya gazeti. Benta haweki chaki, anaisokota mwenyewe kama kamba, mimi nimemjua tangu tukiwa wasichana.

Kama wewe pia unataka kuanza, nitakufundisha nikija, lakini anza polepole. Siku ya kwanza kichwa kinazunguka na unatapika.

Mama yako,
Seline

*

Kaloleni, Kisumu
26 Aprili 2024

Mama,

Karatasi yako niliifungulia pale kibandani. Jirani yangu Debra, yule wa samaki, unamkumbuka, mrefu, alikuwa amekuja kuomba chenji. Akanusa akaniambia, "Shiro! Tangu lini unakunywa ndawa?" Nikamwambia si yangu, ni ya mama mkwe, anakunywa kwa ajili ya mguu. Debra akaweka samaki chini.

Akaniambia, na mimi nakuandikia kama alivyoniambia. Kwa Kijaluo, ndawa ni tumbaku. Dawa ya hospitali nyinyi mnaiita yath. Na kwenu tumbaku haivutwi, inanywewa. Nikamuuliza, na moto ndani? Akachukua kijiti, akaingiza ncha moja mdomoni, akafunga midomo. "Upande unaowaka unakaa ndani," akasema, "ndivyo nyanya zetu walivyokunywa." Debra alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikaa juu ya gunia la maharagwe, nikacheka naye, halafu nikaanza kulia na sikuweza kuacha.

Mama, ni mimi. Ni mdomo wangu wa Nyeri uliokuuliza kuhusu "ndawa" mbele ya daktari, na wewe ukajibu ukweli. Ulinijibu ukweli kila mara! Ulinieleza yote, saa zake, moto wake, kanisa lisivyojua, na mimi kila barua nilikuandikia usiache. Nilikupimia kipimo, asubuhi na jioni. Nilikutuma ukavute tumbaku mbele ya Mzee Okinyi!

Nilikwenda hospitali mbio bila kufunga kibanda. Daktari Waliaula alifumba macho, akasema, "Hiyo ndiyo niliyokuwa natafuta." Tumbaku ndiyo inayobana na kuziba mishipa ya miguu kuliko kitu kingine chochote, na haijali moto uko upande gani. Ukiacha sasa, mguu una nafasi. Usipoacha, hata dawa zote za Kisumu ni bure.

Sikulaumu kwa lolote. Wewe hukunidanganya hata mara moja. Nakuomba tu, nakupigia magoti: ile niliyokuambia usiache, iache.

Shiro

*

Kusa, Nyakach
2 Juni 2024

Siro,

Hukupata barua mwezi mzima kwa sababu sikuandika. Na siku waliponitoa kidole, ukaniletea uji wodini, ukasimama na kikombe, mimi nikaangalia ukuta. Naomba nikuambie nilikuwa naangalia nini.

Kwanza nilikuwa na haya. Debra wa samaki anajua, daktari anajua, labda soko lenu zima la Jubilee linajua. Lakini haya inapita. Kilichonikaa ni hiki: nilidhani nimepata mtu mmoja duniani anayenijua nilivyo na hakukasirika. Kila barua yako niliisoma nikasema, tazama, huyu msichana wa Nyeri amenikubali na moshi wangu. Kumbe ulikuwa unamwandikia mama mwingine, anayekunywa dawa. Nilimwonea wivu huyo mama, Siro. Nilikukasirikia wewe na yeye.

Mama yangu alinifundisha tukipalilia mtama kwenye mvua. Mvua inazima moto, na mikono yote miwili iko kwenye jembe, kwa hivyo moto unauweka ndani ambako mvua haifiki. Alikuwa anapalilia na kuongea na kucheka na moto uko mdomoni, usingejua. Alipokufa ndicho kitu pekee cha kwake nilichobaki nacho, kwa sababu ng'ombe walichukuliwa na kaka zangu. Kanisa lilipokuja likasema ni dhambi, niliacha pombe, niliacha shanga, hiki sikuweza.

Sasa nakuuliza, na ujibu vizuri. Moshi uko mdomoni. Hata siumezi, nautoa. Kidole gumba kiko chini kabisa, hakuna kitu mwilini kilicho mbali na mdomo kama kidole gumba. Moshi ulifikaje huko? Kwa nini haukuziba shingo iliyo karibu? Mimi siachi kitu kwa sababu nimeambiwa acha. Kanisa liliniambia acha. Nieleze njia.

Mama yako,
Seline

Nyongeza. Nimeacha. Nilimaliza kwanza ile ya Benta iliyobaki, sitakudanganya sasa baada ya kukuambia kweli muda wote. Halafu nikaacha. Natafuna njugu karanga na kila mtu hapa ananiogopa. Lakini bado nataka jibu.

*

Kaloleni, Kisumu
14 Juni 2024

Kwako Mama,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini.

Jibu kwanza. Si moshi unaosafiri, ni sumu yake. Ndani ya mdomo na kwenye mapafu damu iko karibu sana na ngozi, sumu inaingia humo, na ikishaingia inaenda popote damu inapoenda. Inaparuza kuta za mishipa kwa ndani, uchafu unapata pa kushika, na mishipa yenyewe inajikaza na kuwa myembamba. Shingo nayo inapata, na moyo, daktari amesema tushukuru haikuanzia huko. Lakini miguu iko mbali, damu inafika huko ikiwa imechoka, na wewe unaifanyisha kazi kuliko mkono. Ndiyo ikawa ya kwanza kulalamika. Hiyo ndiyo njia, nimemfanya daktari anichoree.

Sasa lile lingine. Mama, ni kweli nilikuwa namwandikia mwingine, mzee mtulivu mwenye tembe zake, na hakuna siku aliyonichekesha hivyo. Wewe ndiye uliyenichekesha. Wewe na mbuzi wako, na Mzee Okinyi, na mtu wa nyuma ya mlango. Nilikuwa namsubiri Frankline kuliko ninavyosubiri wateja. Huyo mwingine sijui kama aliwahi kuwepo. Ninayempenda ni huyu aliyenitumia tumbaku kwenye gazeti akaniambia nianze polepole.

Debra ananifundisha Kijaluo, kibandani, kati ya mteja na mteja. Nimeshajua Min Gordon unayoandika chini ya barua ni mama Gordon. Jana nilimwambia mzee mmoja kitu, nikidhani nimemkaribisha, soko likasimama. Debra amekataa kunitafsiria. Nitakuuliza wewe nikikuona.

Shiro wako

*

Kusa, Nyakach
27 Agosti 2024

Siro nyathina,

Neno ulilomwambia yule mzee, Debra aliniambia kliniki ya mwezi wa saba. Sitaliandika. Frankline ana macho marefu.

Siku hiyo daktari alipoweka ile mashine mguuni wewe ulishika mkono wangu kama ni wewe unayepimwa. Nilisikia. Yule mtu bado yuko nyuma ya mlango, lakini ameufungua kidogo. Pale walipokata pamefunga, ngozi mpya ni laini, naigusa kila asubuhi. Benta ameacha kunisalimia, anasema nimempotezea mteja bora Nyakach yote.

Sasa nikuambie ya juzi, kwa sababu wewe ulikuwa sokoni, na Gordon aliyekuja kutoka Lodwar hajui kusimulia.

Tulitoka kanisani kushuka ziwani. Mzee Okinyi alinipa bendera, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, utaweza?" Nikamwambia nitaweza. Sikuwa na uhakika, Siro. Kutoka kanisani hadi josho naweza, nimezoea, lakini kutoka josho hadi ziwani sikuwa nimewahi kujaribu tangu mguu uanze. Nyuma yangu kanzu nyeupe mpaka huko mbali, ngoma, akina mama wa Katito, wageni wa Homa Bay. Nikaanza.

Kwenye josho mguu ukanishika. Nikakumbuka daktari: ukiuma simama. Nikasimama. Nimesimama na bendera katikati ya barabara, na hakuna anayeipita bendera. Kanisa lote likasimama. Ngoma hazikuacha, zikapigwa papo hapo, watu wakaimba wakiruka mahali walipo. Nikasikia Mzee Okinyi nyuma yangu anasema kwa sauti, "Roho amesimama!" Wakaitikia. Mimi nilikuwa nausubiri mshipa. Ulipoachia, nikaenda, na wao wakaja.

Ukanishika tena kwa kina Wechuli wenye kiosk, tukasimama. Wechuli mwenyewe alitoka akapiga magoti. Ukanishika kwenye kichaka cha papyrus ambako maji yanaanza kunuka, tukasimama, na hapo watu walilia, Siro, watu wazima. Kila niliposimama wimbo ulizidi. Miaka yote tumekuwa tukishuka mbio mbio kama tunakimbiza ng'ombe, na mwaka huu tulifika polepole, wote pamoja, hata wazee ambao huachwa nyuma. Nilisimika bendera ndani ya maji kwa mikono yangu na mguu wangu uliokosa kidole ulikuwa ndani ya ziwa, una joto. Joto, Siro! Niliinama nikaushika nihakikishe.

Mzee Okinyi amesema haijawahi kutokea maandamano kama haya. Amesema mwaka ujao bendera ni yangu, na amewaamuru vijana wajifunze kusimama Roho anaposimama. Wameanza mazoezi.

Sijamwambia mtu. Nikija kliniki nitalala kwa Debra, hapo mila haina neno. Tembe nameza. Ile nyingine sinywi, ingawa mvua ikinyesha shambani mdomo wangu bado unaikumbuka, na wewe peke yako ndiye ninayeweza kukuambia hivyo.

Na mtu wa kanisa letu akija hapo kibandani kukuuliza kuhusu mguu wangu, wewe Kijaluo hujui.

Mama yako,
Seline Ajwang, Min Gordon, Min Siro